Sentimita Nane

Wanaume wengi walikuwa wamepita mikononi mwa Mwalimu, na hapo namwomba msomaji asiwe na haraka ya kumfikiria dada wa watu vibaya. Walipita kwa sababu migongo iliwauma, au magoti yalikataa ngazi, au walinyanyua vyuma mpaka wakashindwa kujifunga kamba za viatu. Yeye alikuwa mwalimu wa kunyoosha viungo katika ukumbi wa mazoezi wa kaka yake. Aliwashika visigino, akawahesabia mpaka thelathini, akawaaga, na akirudi nyumbani hakumkumbuka hata mmoja wao. Alikwenda hivyo miaka sita. Kisha akaja Fundi, na ile thelathini ikaanza kumwishia upesi.

Fundi alikuwa fundi wa vigae, kutwa yuko sakafuni kwa watu. Siku moja mgongo ulimkamata ameinama vilevile, vibarua wake wakambeba kama wanavyobeba meza. Daktari akamwambia hana ugonjwa, ila msuli wa nyuma ya paja umekuwa mfupi na unauvuta mgongo, aende akanyooshwe wiki kumi.

Siku ya kwanza Mwalimu alimkalisha chini, miguu imenyooka, nyayo zimegusa sanduku la kupimia, akamwambia ajivute mbele bila kukunja magoti. Vidole vya Fundi vilibakiza sentimita ishirini na mbili kufika kwenye nyayo. Wiki ya nne vilibakiza nane. Mwalimu alifurahi siku ile mpaka akasahau kujizuia, akamwambia huku anacheka, "Ukigusa nyayo tu, Fundi, tumemalizana mimi na wewe." Tangu hapo ikawa nane. Wiki ya tano nane, ya sita nane, ya saba vilevile, mpaka daftari likachosha kulitazama.

Alhamisi ya wiki ya kumi, saa kumi na moja jioni, alimlaza chali kwenye mkeka, pale kwenye kona yao nyuma ya mashine za kukimbilia. Akapiga goti, akauchukua mguu wa kulia, akauweka kisigino begani kwake na kuanza kuuinua taratibu. Hakuwa mtu wa pupa kazini. Msuli una woga wake, ukiuvuta kwa haraka unajikaza kujilinda, ukiungoja unakuachia.

"Niambie ukifika."

"Hapo."

"Panauma au panavuta?"

"Panavuta."

"Panavuta wapi?"

Fundi alitazama dari. "Mahali pengi, Mwalimu."

"Nauliza nyuma ya paja."

"Na hapo pia."

Mwalimu alijifanya hakusikia. Uso ulimwaka moto, akashukuru kwamba yule mtu alikuwa anahesabu mabati ya dari. "Sukuma bega langu kama unataka kuushusha mguu. Usitumie nguvu zote. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sasa legeza. Toa pumzi."

Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Msuli ukishasukuma kidogo, halafu ukaambiwa upumzike, unapumzika kweli, na mguu unapanda kupita pale ulipokataa mwanzo. Mguu wa Fundi ulipanda vizuri, kisha ukasimama ghafla kama mlango uliozuiwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Mikono ya Mwalimu ilihisi kitu. Akaiambia inyamaze, akaendelea kuhesabu.

Walipomaliza akampima. Hakuhitaji hata kuinama kusoma.

"Nane."

"Pole, Mwalimu."

"Unanipa pole mimi? Mwili ni wako." Aliandika, na kalamu ilikuwa nzito. "Jumamosi saa tatu asubuhi ndicho kipimo cha mwisho. Kaka atakuwepo."

"Na asiyefika?"

"Anaongezewa wiki nyingine kumi."

"Afadhali," Fundi alisema, halafu akakohoa, akatafuta taulo iliyokuwa shingoni mwake siku zote.

Alikuwa na desturi ya kukunja mkeka mwenyewe kabla ya kuondoka, aliukunja kwa uangalifu, pembe juu ya pembe, kama kwamba kuna mgeni atakuja kuukagua. Mwalimu alimtazama anavyoukunja. Vidole vyake vilikuwa na saruji isiyotoka kwenye kucha, na Mwalimu alivitamani vile vidole kwa namna aliyoona haya hata kuikiri moyoni. Alitamani viguse shavu lake mara moja tu, kisha aendelee na kazi zake. Mtu mzima na akili zake timamu.

"Jumamosi, basi," Fundi alisema.

"Jumamosi. Upashe mwili moto kabla ya kuja."

Akaenda. Mwalimu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, na alipogeuka alimkuta kaka yake amesimama kando ya mashine, daftari lake la wateja liko kwapani.

"Watano wako wote wamefika walipopangiwa," kaka alisema. "Huyu wa sita ana nini?"

"Kazi yake inamkaza. Ninyi mnamwona hapa saa moja, sakafu inamwona kutwa."

"Kipenga wake sita wamefika wote."

Kipenga alikuwa mwalimu mwenzake, kijana wa haki tu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni hata akienda kula. Kaka alikuwa amemaliza kukarabati chumba cha juu, chumba kizima cha kunyoosha viungo tu, chenye dirisha kubwa na sakafu laini, na mmoja kati ya wawili hao angekabidhiwa akiongoze. Mwalimu alikuwa amekiota chumba kile tangu hakijapigwa rangi. Miaka sita amefundisha kwenye kona, kelele za mashine masikioni, watu wanaondoka dakika kumi za mwisho kwa sababu wanaona kunyoosha ni kupoteza muda. Kule juu watu wangepanda ngazi kumfuata yeye.

"Mdogo wangu," kaka alisema kwa sauti ya chini, "siwezi kukupa chumba kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Watu watasema, na watakuwa na haki. Huyu mtu wako asipofika Jumamosi, chumba ni cha Kipenga."

"Si mtu wangu. Ni mteja."

"Hilo nalo nilitaka kukuuliza. Nimeona unavyomtazama akiondoka."

"Natazama anavyotembea. Ndiyo kazi yangu."

"Sawa." Kaka alihamishia daftari kwapa la pili. "Unakumbuka maneno ya yule mama."

Ataachaje kuyakumbuka. Miaka mitatu nyuma alikuwa amechumbiwa, posa imepokelewa, siku imepangwa. Mama mkwe mtarajiwa akafika ukumbini bila taarifa, akasimama pale pale, akamwona akinyoosha mguu wa mzee mmoja mstaafu, akasema mbele za watu kwamba mwanawe hawezi kuoa mwanamke anayeshika mapaja ya waume wa wenzake. Mchumba hakutia neno. Uchumba ukavunjika juma lile lile. Ndipo kaka yake akaweka sharti kwa walimu wote, mteja ni mteja, na anayetaka zaidi ya hapo achague mlango. Sharti lilikuwa la wote, lakini kila mtu alijua limetungwa kumlinda nani.

Basi Ijumaa mchana Mwalimu alimwendea Fundi kazini. Alijiambia kwamba mwalimu makini humfuata mteja mpaka anapofanyia kazi, aone anakaa vipi, anainama vipi, ajue kinachomrudisha nyuma. Alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, akajiambia ni kwa ajili ya vumbi.

Ilikuwa nyumba mpya isiyo na milango bado. Alifuata mlio wa maji mpaka chumba cha mwisho, akasimama kizingitini, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka.

Fundi alikuwa amempa mgongo. Amesimama wima, magoti yamenyooka kabisa, kiwiliwili kimekunjika mara mbili kutoka nyongani, mgongo hauna hata kona. Viganja vyote viwili vilikuwa bapa sakafuni, sifongo chini ya kimoja, anafuta maungio ya vigae huku anaimba kwa mluzi. Anafuta mbele, anafuta kushoto, anafuta hata nyuma ya visigino vyake mwenyewe. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wa mwaka mzima wasioweza hivyo.

Ndipo Fundi akaona, katikati ya miguu yake, viatu viwili vya kike vimesimama juu chini. Mluzi ukakatika.

"Mwalimu."

"Endelea tu. Usijisumbue kusimama."

Akasimama polepole, sifongo inadondosha maji kwenye suruali yake.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Fundi, usinitie hasira zaidi ya nilizonazo."

"Wiki ya tano," Fundi alisema. "Niliamka asubuhi nikavaa soksi nimesimama. Nikajua nimepona."

"Na jioni yake ukaja ukaniwekea nane."

"Nikaweka nane."

"Wiki sita. Mara mbili kwa wiki nakuhesabia, nakwambia toa pumzi, narudi nyumbani najiuliza nimekosea wapi, nafungua vitabu, nabadilisha mazoezi. Nilidhani nimesahau kazi. Umenifanya mjinga mbele ya kaka yangu." Alivuta pumzi. "Kuna chumba kule juu. Nimekisubiri miaka. Kesho kinatolewa kwa mwalimu ambaye wateja wake wamefika, na wangu wamefika wote isipokuwa wewe."

Fundi alibadilika uso. Akaiweka sifongo ndani ya ndoo kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Sikujua. Nilidhani ile nane ni yangu peke yangu. Wallahi sikujua kama inakugusa."

"Sasa unajua. Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Ulisema nikigusa nyayo tumemalizana. Ulikuwa unacheka. Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu." Alikuwa anaongea na vigae. "Nakuja kwako Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine zote nazipita tu ili nifike huko. Nikaona bora nibaki mgumu."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia saa ngapi? Nimelala chali, mguu uko begani kwako, jasho linaniingia masikioni. Mtu anaanzia wapi kumwambia mwanamke anampenda akiwa katika hali ile? Na nikitoka, kaka yako ananisindikiza mpaka nje kama nimeficha vyuma vyake kwenye begi."

Kicheko kilimjia Mwalimu mpaka kooni. Alikimeza, kikamchoma kuliko kilio. Alikuwa ameambiwa anapendwa, katikati ya ndoo na mifuko ya saruji, na mtu aliyemtamani wiki kumi nzima, na alichoweza kufanya ni kukunja uso tu.

"Nami nikuulize," Fundi alisema taratibu. "Hunitazami usoni hata mara moja, lakini ukinishika tu unajua kama nililala vibaya. Unajua nani amekaza kwa woga na nani kwa uvivu. Mikono yako haikukuambia chochote?"

"Usinigeuzie kibao."

"Sikugeuzii. Nauliza."

"Kesho saa tatu uje ujinyooshe mpaka mwisho wako wa kweli. Ukishafanya hivyo, tumemalizana."

"Nikifika, Jumanne sina pa kwenda."

"Nyumba za watu zimejaa zinangoja vigae."

Akatoka. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa bila kujua anakwenda upande gani, na lile swali lilikwenda naye. Alilia kidogo nyuma ya duka la vioo, akajifuta kwa kile kitambaa chake cha vumbi, akarudi kazini.

Jumamosi asubuhi kaka alikaa kwenye kiti cha chini kando ya sanduku la kupimia, miwani puani. Wateja wa Kipenga walipita mmoja mmoja, wakapita na wa Mwalimu watano. Wa mwisho alikuwa Fundi. Alikuja amevaa shati safi, amenyoa, hana raha hata chembe.

"Umepasha mwili?" Mwalimu alimuuliza bila kumtazama.

"Nimetembea kutoka nyumbani."

"Kaa. Nyayo kwenye sanduku. Usidundedunde, nenda mara moja, ukifika utulie."

Fundi alivuta pumzi, akaitoa, akaenda mbele. Vidole vikafika kwenye nyayo na kuzipita, vikaendelea juu ya sanduku pasipo haraka yoyote, mpaka kifua kikalala juu ya mapaja. Akatulia hapo. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, na filimbi ya Kipenga ndiyo peke yake iliyosikika ikigonga zipu ya koti lake.

Kaka alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. "Kumi na mbili kupita nyayo." Akafungua daftari. "Juzi, nane kabla ya nyayo. Sentimita ishirini ndani ya siku mbili. Nimefanya kazi hii tangu ninyi ni watoto, na hakuna msuli wa binadamu unaofanya hivyo. Nani ataniambia ukweli?"

"Mimi," Fundi alisema, bado yuko sakafuni. "Nilikuwa najikaza makusudi, mzee. Ningefika, ningetakiwa kuondoka, na mimi nampenda mwalimu wangu. Bado nampenda. Yeye hakujua lolote. Kosa ni langu peke yangu."

Kipenga alikuta ghafla kuna kitu cha kuchunguza kwenye kiatu chake.

Kaka hakukasirika kama walivyotarajia. Alisugua paji la uso kwa muda, akamgeukia dada yake. "Kudanganywa na mteja si kosa la mwalimu. Wako wote wamefika, na huyu amewapita wa pande zote mbili. Nahesabu kipimo cha leo." Akaweka kalamu juu ya ukurasa. "Nataka tu nisikie kwa kinywa chako, nijue naandika haki. Ulijua lini?"

Jana. Neno lilikuwa tayari ulimini, na shahidi wake alikuwepo. Fundi alikuwa akimtazama, macho yote yanamwomba aseme jana, achukue chumba chake, aende zake juu. Mwalimu aliliona lile dirisha kubwa na sakafu isiyokanyagwa bado. Aliwaona watu wakipanda ngazi. Kisha akaitazama mikono yake.

"Wiki ya tano," alisema.

Kalamu haikusogea.

"Niliushika mguu wake ukasimama kabla ya mahali pake. Najua msuli uliokataa na najua uliozuiwa, kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilijua, nikaandika nane. Wiki iliyofuata nikajua tena, nikaandika nane. Jana nilikwenda kumgombeza, na nilikuwa najigombeza mwenyewe. Yeye alidanganya sanduku, mimi nilidanganya daftari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angefika asingerudi." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. "Na mimi nilitaka arudi."

Kaka alivua miwani, akaikunja. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Kipenga, chumba cha juu ni chako. Jumatatu nitakupa ufunguo." Akalifunga daftari. "Umejinyang'anya mwenyewe, mdogo wangu."

"Najua."

"Unajua pia sharti la ukumbi huu kuhusu wateja."

"Nalijua. Lakini huyu si mteja wangu tena." Aliisema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya kwanza akamtazama Fundi usoni, moja kwa moja, mbele za watu, mpaka akatosheka. "Amefika."

Fundi alikuwa bado amekaa miguu imenyooka, kama aliyesahau kwamba binadamu husimama. "Leo unatoka saa ngapi?" aliuliza, na sauti haikumtii vizuri.

"Saa sita."

"Nitakungoja kule nje, ng'ambo ya barabara."

Kaka alikuwa ameshaanza kuondoka, daftari kwapani. Alisimama lakini hakugeuka.

"Asingoje nje," alisema. "Mpe kiti, akae hapa mlangoni, kila anayeingia amwone."